Shajara ya mradi: kuyapunguza kasi maji ya mvua katika korti yetu, mtaa mdogo wa nyumba kumi na mbili ulioko South C, Nairobi

Januari 11

Leo nimeanza kwa kupima. Kiwanja chetu ni mita 9 kwa 20, yaani mita mraba 180. Tulipohamia hapa paa lilikuwa dogo, mbele kulikuwa na ukoka na mpera, nyuma kamba za nguo na migomba miwili. Nimezunguka na futikamba pamoja na kijana wangu, tukaandika kila kitu. Paa, pamoja na jiko tulilojenga baadaye, ni mita mraba 95. Kabro, yaani matofali ya zege ya kusakafia ua, za mbele na za ubavuni ni 70. Udongo uliobaki, hata ukihesabu ule ulio chini ya ua wa bogenvilia, ni 15.

Hesabu inayofuata inaweza kufanywa na mtu yeyote: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Ikinyesha milimita 50, paa linamwaga lita 4,750 na kabro lita 3,500. Kuna kidogo kinachopotea kwenye viungo vya kabro, lakini zetu fundi alizijaza mchanga uliochanganywa na simenti, kwa hiyo kinachopotea ni kidogo kweli. Tuseme lita 8,000 kwa nyumba. Korti ina nyumba kumi na mbili, nyingi zimefanya kama sisi au zaidi. Hizo ni karibu lita 96,000, sawa na maboza (malori ya maji) tisa na nusu ya lita 10,000, zikielekea zote kwenye mtaro mmoja wenye upana wa sentimita 30.

Neno boza nimeliandika kwa makusudi. Maji ya bomba huku huja kwa zamu, na wiki ambayo zamu inaruka tunachanga kununua boza. Nimekaa korti hii zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuziweka hesabu hizi mbili kwenye karatasi moja.

Januari 19

Kikao cha korti, nyumbani kwa Mwenyekiti. Nilikuwa na jambo moja tu kwenye ajenda: niruhusiwe kuchimba mpaka kwenye mtaro wa pamoja. Lilichukua saa mbili.

Mama wa nyumba namba 4 alisema shida ni mtaro kujaa taka, ukizibuliwa mambo yamekwisha. Ana haki kwa sehemu yake. Kila mwaka kabla ya masika tunatoa humo chupa, makaratasi na matope ya kujaza mkokoteni. Lakini mwaka 2024 tuliuzibua mwezi wa Machi, mimi mwenyewe nikiwa na reki, na Aprili maji yakaingia sebuleni kwa nyumba nne. Mtaro ulikuwa safi. Maji tu ndiyo yalikuwa mengi kuuzidi.

Mzee wa namba 9, ambaye ni mkongwe wetu, alinyamaza muda mrefu kisha akasema: "Binti yangu, zamani mvua ikinyesha hapa, mtaro ulikuwa unaanza kutiririka baadaye kabisa, mvua ikiwa imekwisha pata nguvu. Siku hizi tone la kwanza likianguka, mtaro nao umeanza." Nikamwambia, "Mzee wangu, hayo ndiyo ninayotaka kuyarudisha." Sijui kama ningeweza kulieleza jambo lenyewe vizuri kuliko alivyolieleza yeye. Kiasi cha mvua hakijabadilika sana machoni pake. Kilichobadilika ni muda kati ya tone na mtaro.

Ruhusa nimepewa.

Januari 27

Nimepitia sheria. Naweka hapa niliyoyaona ya maana ili wenzangu wasirudie kazi.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya 2, kifungu cha 11, inaitaja mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa kuwa kazi ya kaunti, kwa maneno ya wazi. Kwa hiyo mtaro wa mtaani una mwenyewe. Ugumu uko kwenye safari ya maji: yanaanza kwenye mitaro ya vichochoro, ambayo ni ya kaunti, yanaweza kuangukia kalvati ya barabara iliyo chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na Mombasa Road, ambayo inabidi yaivuke, ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Mkazi anayetaka kulalamika kuhusu maji yaleyale anaweza kuandika barua tatu.

Upande wa ujenzi, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mtu apate kibali cha kaunti kabla ya kuendeleza ardhi. Na mwongozo wa kanda za Nairobi wa 2004 uliweka kikomo cha sehemu ya kiwanja inayoweza kufunikwa. Kwa mfano Kileleshwa na Kilimani ziliwekewa asilimia 35 pale penye mfereji wa majitaka na 25 pasipo nao. Nilipoona asilimia hizo nilifurahi, nikadhani nimepata nilichokuwa natafuta. Kisha nikasoma kinachohesabiwa: eneo la ardhi lililokaliwa na jengo lenyewe. Kabro hazimo. Unaweza kujenga nyumba ndogo inayotii kikomo, kisha ukasakafia kiwanja chote kilichobaki mpaka kwenye ukuta, na hesabu yako kwenye karatasi ikabaki vilevile. Mvua haina namna ya kutofautisha paa na kabro.

Kwingine wameshalifikiria. Ujerumani miji mingi hutoza ada ya maji ya mvua kwa kila mita mraba iliyosakafiwa, kando na ada ya majitaka. Washington, D.C. mwenye nyumba hupata kwenye bili yake ya mwezi ada ya eneo lisilopitisha maji, liwe paa, njia ya gari au ua wa zege. Sisemi tuige ada. Nasema kipimo chao kinahesabu kitu halisi.

Jambo la mwisho, na hili nitalisema mpaka nichoke: mfumo wa majitaka wa Nairobi na wa maji ya mvua ni miwili, haikuundwa kuchanganywa. Katika korti yetu kuna nyumba ambayo bomba la gata (mfereji wa maji ya paa) limeingizwa kwenye chemba ya majitaka. Mvua ikipiga, choo cha jirani yake aliye chini kidogo kinaanza kububujika. Hakuna mtaro utakaolitatua hilo. Bomba litolewe.

Februari 8

Jaribio la udongo. Hili nataka kuliandika polepole kwa sababu nusura litudanganye.

Kila mtu niliyezungumza naye alinishauri shimo la kufyonza: chimba, jaza mawe, elekeza maji humo, ardhi itakunywa. Dada yangu anayeishi Kikuyu analo na linafanya kazi vizuri sana. Kwa hiyo leo asubuhi tulichimba shimo la majaribio nyuma ya nyumba, kina cha sentimita 45, upana kama wa ndoo. Udongo wetu ni ule mweusi, na Februari huu umepasuka nyufa ambazo kidole changu kinaingia mpaka fundo la pili. Nikamwaga ndoo ya lita 20. Yalitoweka hata kabla sijaiweka ndoo chini. Kijana wangu akapiga makofi. Ndoo ya pili, dakika chache. Jirani akachungulia juu ya ukuta akasema, "Basi si umeshamaliza kazi?"

Tuliendelea kumwaga. Kufikia saa nane mchana shimo lilikuwa limeanza kusita. Saa kumi na mbili jioni nikalijaza mara ya mwisho, nikachomeka rula pembeni na kulifunika kwa bati ili paka asitumbukie.

Februari 9

Saa kumi na mbili asubuhi, baada ya muda wa saa 12 kamili, maji yalikuwa yameshuka sentimita 2. Yaani chini ya milimita 2 kwa saa.

Nyufa ndizo zilizokuwa zikinywa jana. Udongo mweusi ukikauka unasinyaa na kupasuka, ukilowa unavimba na nyufa zinajifunga, na baada ya hapo ni kama umemwaga maji kwenye sufuria. Angalia basi hatari yake: mtu akipima mwezi wa Februari kwa ndoo moja, atajenga shimo la kufyonza, na katikati ya Aprili shimo litakuwa limejaa maji yasiyokwenda popote, tena karibu na msingi wa nyumba. Na udongo unaovimba na kusinyaa chini ya msingi ndio unaopasua kuta. Huko Kikuyu kwa dada yangu udongo ni mwekundu, wenye matundu mengi, kwa hiyo unakunywa masika yote. Ushauri wake ni mzuri kwa udongo wake.

Kwa hiyo mpango umebadilika. Hatutayazika maji. Tutayashika kwa saa chache na kuyaachilia kidogo kidogo, kilele cha mvua kikiwa kimepita.

Februari 16

Michoro ipo. Ina sehemu tatu.

Nusu ya paa ya nyuma, mita mraba 50, inaingia kwenye tangi la lita 5,000. Kabla ya tangi kuna bomba la wima la inchi 4, urefu wa mita 3, lililozibwa chini kwa kifuniko cha kuzungusha. Hilo linakamata lita kama 25 za mwanzo, sawa na nusu milimita ya kwanza inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mvua ikikatika unafungua kifuniko na kuzimwaga kwenye maua. Lita 3,000 za chini ya tangi ni zetu za kufulia na kuosha nyumba. Lita 2,000 za juu si zetu: kwenye usawa huo kunatobolewa tundu la milimita 12 linaloelekea mtaroni, na nafasi ile hujimwaga yenyewe kwa muda wa saa nne hivi. Majirani wananiuliza kwa nini nitoboe tangi zima. Tangi lililojaa pomoni wakati mvua kubwa inaanza halisaidii mtaro hata kidogo.

Sehemu ya pili ni kabro. Kutoka mita mraba 70 zitabaki 28: mistari miwili ya matairi ya gari na njia ya kuingilia mlangoni.

Sehemu ya tatu ni kitanda cha mawe pale kabro zitakapotoka, mita 10 kwa 2, zaidi ya mita 3 kutoka ukuta wa nyumba. Chini balasti, juu udongo mwekundu uliochanganywa na mchanga, kisha mimea. Katikati ya balasti kunalala bomba lenye matundu linaloelekea mtaro wa korti. Upande wa nyumba unawekwa nailoni nzito ya geji 1000 ili unyevu usiutafute msingi. Nusu ya mbele ya paa nayo inamwaga hapo.

Nilitaka kupanda nduma, maana hupenda majimaji. Mama wa namba 4 akauliza gari langu halidondoshi oili? Linadondosha. Tutapanda nyasi za vetiva na maua ya kana, na nduma nitaendelea kununua sokoni.

Machi 2

Kabro zimetoka. Fundi amekuja na msaidizi mmoja. Fundi ni mtu wa kazi safi, kila kabro anaigonga upande kwa kishikio cha nyundo, inatoka nzima. Mpaka saa saba walikuwa wamezipanga ukutani kwa safu za kumi kumi.

Wakati wa chai akaniuliza maji ya korti hii yanakwenda wapi yakitoka kwenye kalvati. Nikamwambia yanavuka Mombasa Road na kuingia Mto Ngong. Akanyamaza, kisha akasema anaishi Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda ulio kando ya mto huo.

"Mama, maji yenu nayajua," akasema. "Huku kwenu yanapita tu. Kwetu ndiyo yanafika." Akanionyesha kwa mkono wake, juu kidogo ya goti, mahali yalipofika ndani ya nyumba yake Aprili 2024. Usiku ule walitoka na watoto, godoro na mtungi wa gesi. Baadaye serikali ilipoamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, nyumba za mstari ulio mbele yake zilibomolewa. Yeye alipona kwa mstari mmoja.

Nilikuwa nimeuanza mradi huu kwa sababu ya zulia la sebule yangu. Nimeliandika hilo kama lilivyo.

Aliomba kabro. Nimempa zote, na tumekubaliana kijana wangu amsaidie kuzipeleka.

Machi 8

Kosa, na ni langu. Niliagiza handaki lichimbwe kina cha sentimita 60 bila kupima kwanza sakafu ya mtaro. Leo fundi ametoa mpira wake wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza, akaweka ncha moja handakini na nyingine mtaroni. Tuliangalia kimo cha maji pande zote mbili, tukarudia mara tatu. Sakafu ya handaki iko sentimita 14 chini ya sakafu ya mtaro. Bomba letu lingetakiwa kumwaga maji kupanda juu.

South C ni tambarare. Huku sentimita 14 ni nyingi. Imebidi turudishie maramu chini na kuishindilia, tubaki na balasti sentimita 25 na udongo 15 juu yake. Nafasi kati ya mawe ni kama asilimia 40, kwa hiyo kitanda kitashika lita 2,000 hivi badala ya zaidi ya 3,000 nilizopanga. Anayetaka kufanya kama sisi aanze na mpira wa maji mtaroni, kisha ndipo ashike jembe.

Machi 12

Mvua ya kwanza, mapema kuliko nilivyodhani. Rundo la udongo mweusi tuliouchimba lilikuwa bado nje ya geti likisubiri lori. Nusu saa ilitosha kulishusha mtaroni. Nimetoka na reki na koleo, Mwenyekiti naye akatoka na buti zake bila kuitwa. Tumemaliza saa tatu usiku. Lori linakuja kesho.

Machi 23

Tangi limesimama juu ya jukwaa la mawe. Tundu la milimita 12 limetobolewa kwa drili na kuwekewa wavu kwa ndani, na mdomo wa tangi umefungwa wavu wa mbu. Hili la mbu lilizungumzwa sana kikaoni, na ni haki. Kanuni tuliyojiwekea ni kwamba sehemu yoyote ya wazi yenye maji iwe imekauka ndani ya siku tatu, kwa sababu viluwiluwi vya mbu huhitaji wiki moja au zaidi kukua.

Bomba lenye matundu limelazwa, balasti imemwagwa, nailoni iko mahali pake. Vetiva zimepandwa kwa umbali wa shubiri moja moja.

Aprili 5

Mkebe wangu wa kupimia mvua, ambao ni kopo la maziwa lenye pande zilizonyooka na rula ndani yake, ulikuwa na milimita 31 asubuhi. Kitanda kilijaa mpaka kwenye shina za vetiva, kikabaki hivyo, kisha kikaanza kushuka. Kufikia saa tano asubuhi juu kulikuwa kumekauka. Tangi lakini lilifurika kupitia juu. Nilipopanda ngazi nikakuta jani moja la bogenvilia limelala juu ya wavu wa tundu, limeziba kabisa. Jani moja! Nimeweka kikapu cha wavu mpana mbele ya wavu mwembamba, na kila Jumamosi naangalia gata.

Aprili 13

Kikao. Tumeandika kanuni za korti, ukurasa mmoja. Kila nyumba iache angalau theluthi ya sehemu isiyo na jengo bila kusakafiwa. Anayeweka kabro mpya asizijaze simenti kwenye viungo. Hakuna gata inayoingia kwenye majitaka. Kabla ya ujenzi wowote, mwenye nyumba aonyeshe kwenye mchoro maji yake yatapita wapi. Nyumba tisa zimekubali. Mbili zinataka kusubiri waone kitanda changu kikimaliza masika. Moja haikuja.

Nyumba yenye bomba la gata kwenye chemba imeomba muda mpaka mwisho wa mwezi. Mzee wa namba 9 alimwambia mwenye nyumba huyo kwa upole, "Mwanangu, jirani yako anaoga maji ya paa lako." Hakuna aliyeongeza neno.

Tumekubaliana pia kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti, kwa kutumia haki iliyo katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Hatuombi pesa. Tunaomba jambo moja: kabla ya kibali kutolewa, mchoro uhesabu kila mita mraba isiyopitisha maji, paa na sakafu ya nje pamoja, na uonyeshe aina ya udongo wa kiwanja, ili mtu wa udongo mweusi asiambiwe achimbe shimo la kufyonza. Nakala itakwenda kwa mwakilishi wa wadi. Mimi ndiye ninayeandika rasimu.

Aprili 27

Mvua ilianza saa kumi na moja jioni ikapiga mfululizo. Nilisimama chini ya baraza na tochi. Mtaro wa korti ulianza kutiririka haraka kama kawaida, ukitoka kwenye nyumba nyingine, lakini kwetu bomba la kitanda lilikuwa bado kavu. Lilianza kutoa maji baada ya kama dakika ishirini. Mkebe: milimita 44. Hakuna sebule iliyoingia maji usiku huu, ingawa mtaro ulifika ukingoni pale namba 11, na nyumba moja haiwezi kudai sifa hiyo.

Mvua ilikatika saa moja na nusu. Saa mbili nikampigia fundi simu kumuuliza hali. Akasema mto umepanda lakini haujafika kwake, wako macho, na zile kabro amezipanga mlangoni juu ya mchanga, zimemsaidia watoto wasikanyage matope. Akaniuliza tangi linaendeleaje. Nikamwambia ngoja nikaangalie.

Saa nne na nusu usiku tundu la milimita 12 lilikuwa bado linatoa maji, mchirizi mwembamba kama kalamu.